Roketi ya Kwanza Ikianguka, Nani Analipia ya Pili?

Tukitaja roketi za kampuni binafsi, akili za wengi wetu zinakimbilia Marekani, kwa Elon Musk na SpaceX yake. Basi nikupe habari ambayo huenda hukuisikia darasani. Kampuni inayotajwa kuwa ya kwanza duniani kujenga roketi kwa biashara ya kupeleka setilaiti angani ilirushia roketi zake kwa jirani zetu wa Kongo, enzi hizo ikiitwa Zaire. Ilikuwa mwaka 1977. Mahali penyewe ni nyanda za juu kando ya mto Luvua, magharibi ya Ziwa Tanganyika, kwa watu wanaoongea Kiswahili. Ukichora mstari ulionyooka kwenye ramani kutoka hapa Songea, unapata kama kilomita 800. Basi la Dar linakimbia zaidi ya hapo.

Na huku Kenya, miaka kumi kabla ya hapo, roketi nyingine zilikuwa zimeanza kuruka kutoka baharini, pale Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Hizo zilikuwa za serikali: roketi ya Marekani, timu ya Waitaliano, majukwaa mawili ya chuma yaliyosimamishwa kwenye maji kama yale ya kuchimbia mafuta.

Kwa hiyo Afrika Mashariki tunao mfano wa kila upande. Nautumia kujibu swali ambalo huzuka kila roketi inapolipuka kwenye habari: kazi hii waachiwe serikali au watu binafsi? Kijiweni utasikia majibu mawili. Wapo wanaosema serikali ina urasimu na inakula hela bila matokeo. Wengine wanasema mtu binafsi atakata kona ili apate faida. Mimi naona yote mawili yanaanzia mahali pasipo sahihi, kwa sababu roketi zinaanguka kwa wote, na sababu za kuanguka zinafanana. Kinachotofautiana ni mambo mawili: nani atalipia jaribio linalofuata, na nani ataruhusiwa kuyafungua mabaki na kusema alichokuta.

Kwa nini zinaanguka?

Twende taratibu kidogo na fizikia.

Ili kitu kibaki kwenye obiti ya chini kuizunguka Dunia, kinahitaji mwendo wa karibu kilomita 7.8 kwa sekunde. Fikiria safari ya Songea mpaka Njombe, kama kilomita 240, ukiimaliza kwa nusu dakika. Mwendo huo unadai mafuta mengi mno. Katika kila kilo 100 za roketi ikiwa ardhini, kilo 85 hadi 90 hivi ni mafuta pamoja na kile kinachoyaunguza. Zinazobaki ndizo chuma, injini, nyaya na kompyuta. Mzigo wenyewe, yaani setilaiti, mara nyingi haufiki hata kilo tano.

Ndiyo maana mhandisi wa roketi hana ruhusa ya kuongeza unene wa bati "kwa usalama". Anayejenga daraja anaweza kulifanya liwe imara mara mbili au zaidi ya mzigo linaoutarajia, na hakuna atakayemlaumu. Mtu wa roketi kwa kawaida anajiachia nafasi ya asilimia 25 hadi 40 tu juu ya mzigo anaoutarajia. Akizidisha hapo, roketi inakuwa nzito na haifiki.

Halafu kuna hesabu ya kuzidisha. Chukua chombo chenye vipuri 1,000 ambavyo vyote lazima vifanye kazi. Kila kimoja kina uhakika wa asilimia 99.9, ambao kwa kipuri kimoja ni mzuri sana. Sasa zidisha 0.999 kwa yenyewe mara elfu moja. Jibu ni karibu 0.37. Yaani pamoja na vipuri vizuri kiasi hicho, chombo kizima kinafanikiwa mara 37 tu katika mara 100. Ukitaka kujiridhisha, chukua kikokotoo cha simu. Roketi halisi ina vipuri vingi kuliko hivyo.

Namna ya kujua ni kipuri gani kitakuangusha ni kukijaribu ardhini mpaka uchoke, kisha kurusha. Ikianguka, unajifunza na unarusha tena. Hakuna mkato mwingine uliopatikana mpaka leo. Tatizo ni hilo neno "tena", maana ndilo linalokula hela.

Mabomba ya Shaba

Kampuni ya Kongo iliitwa OTRAG. Ilianzishwa Ujerumani Magharibi katikati ya miaka ya 1970 na mhandisi Lutz Kayser. Wazo lake, ukilisikiliza kwa masikio ya leo, lilikuwa zuri. Badala ya kujenga injini kubwa ya bei ya kutisha, alitaka kutengeneza mabomba membamba ya kipenyo cha sentimita 27, kila bomba likiwa na injini yake ndogo, kisha kuyafunga pamoja kama mganda wa kuni. Mzigo ukiwa mdogo, unafunga mabomba machache. Ukiwa mkubwa, unafunga mamia.

Mafuta yake yalikuwa mafuta ya taa, na ya kuyaunguzia ilikuwa asidi ya nitriki iliyochanganywa na kemikali nyingine yenye oksijeni nyingi. Hakukuwa na pampu. Matangi yalijazwa theluthi mbili tu, nafasi iliyobaki ikashindiliwa hewa yenye mgandamizo, na hewa hiyo ndiyo iliyoyasukuma mafuta kwenda kwenye injini. Kama umewahi kubeba mgongoni bomba la kupulizia dawa shambani, umeshaelewa injini ya Kayser. Vali za kufungulia mafuta zilizungushwa na mota za waipa za magari. Kweli kabisa, waipa, zile ambazo kwa mafundi wetu hapa Mfaranyaki hazikosekani kwenye boksi la vipuri. Kukata kona angani nako hakukuhitaji injini za kuzungushwa pembeni: unapunguza mafuta upande mmoja, upande wa pili unasukuma zaidi, roketi inageuka.

Hapa ile hesabu yetu inarudi. Mabomba 64 yenye uhakika wa asilimia 99 kila moja, kama yote lazima yawake, yanakupa nafasi ya asilimia 53 hivi. Ni kama kurusha sarafu. Utetezi wa Kayser ulikuwa kwamba kitu cha bei ndogo kinachotengenezwa kwa wingi kinaweza kujaribiwa mara nyingi sana mpaka uhakika wake upande. Nakubaliana naye kwa hilo. Falcon 9 ya leo ina injini tisa zinazofanana chini yake, na mwezi Oktoba 2012 moja ilikufa njiani lakini chombo kilichobebwa kikafika kwenye kituo cha anga cha kimataifa. Ukiwa na injini nyingi, na umepanga vizuri, moja ikifa zilizobaki zinabeba.

Ila mpango huo unahitaji muda wa kuanguka mara kadhaa, na muda ndicho kitu ambacho OTRAG haikuwa nacho.

Fedha zake zilitoka kwa wawekezaji binafsi, wengi wao wakifaidi punguzo la kodi huko kwao kwa kuweka hela kwenye mradi wa hatari. Ardhi ilitoka kwa Mobutu. Kwa mkataba wa mwaka 1976, kampuni ilipewa kutumia takriban kilomita za mraba 100,000 za jimbo la Shaba. Kwa kulinganisha, mkoa wetu wote wa Ruvuma, kuanzia Mbamba Bay mpaka Tunduru, una kama 64,000. Mkataba ulikuwa kati ya kampuni na serikali ya Mobutu. Wakulima na wavuvi wa Luvua hawakuwa upande wowote wa karatasi ile.

Roketi ya kwanza, ya mabomba manne tu, iliruka tarehe 17 Mei 1977 na ikafanya kazi. Haikukusudiwa kufika kwenye obiti, lilikuwa jaribio. Ya pili iliruka tarehe 20 Mei 1978, nayo ikaenda vizuri. Angalia tarehe hiyo vizuri: siku moja kabla yake, askari wa miavuli wa Ufaransa walikuwa wameshuka Kolwezi, kusini mwa jimbo hilohilo, kupigana na waasi. Vita upande mmoja, roketi upande mwingine.

Ya tatu ilirushwa tarehe 5 Juni 1978, Mobutu mwenyewe akiwa amealikwa kutazama pamoja na wageni wake. Iliinuka, ikapoteza mwelekeo, ikaangukia bondeni mbele ya macho yao.

Kwa kipimo cha uhandisi, mara mbili kati ya tatu kwa kampuni changa ni rekodi ya kujivunia. Lakini sidhani kama pale jukwaani kulikuwa na mtu anayehesabu hivyo. Tayari Umoja wa Kisovieti na majirani kama Angola walikuwa wanapiga kelele kwamba biashara hiyo ni kificho cha makombora ya kivita ya Wajerumani. Tuhuma zilipata pa kushika, kwa sababu Kurt Debus, aliyewahi kuongoza Kituo cha Anga cha Kennedy na akawa na cheo kikubwa OTRAG, alikuwa amefanya kazi kwenye makombora ya V-2 wakati wa Hitler. Ufaransa nayo haikupendezwa, na wakati huo Ulaya ilikuwa inaweka hela zake kwenye roketi ya serikali, Ariane, iliyoruka kwa mara ya kwanza tarehe 24 Desemba 1979.

Mwaka huohuo wa 1979 Mobutu akaifunga milango. OTRAG ikahamia Libya, jambo ambalo halikusaidia hata kidogo kuondoa tuhuma za makombora, ikarusha tena huko 1981, ikarusha Sweden mwaka 1983, kisha ikafa. Haikupeleka kitu hata kimoja kwenye obiti.

Kuna wanaosema aliyeiua ni ile roketi ya tatu. Mimi naona roketi ya tatu ilikuwa kisingizio tu. Kampuni iliitwa ya binafsi, lakini pumzi yake ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja mwenye sahihi moja, na hapakuwa na mteja yeyote mkubwa anayesema "tulieni, rekebisheni, nitalipia ya nne".

Kabla ya Ngomeni

Sasa hamia pwani ya Kenya. Mradi wa San Marco uliongozwa na Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma, kwa makubaliano na NASA, shirika la anga la serikali ya Marekani. Roketi yao iliitwa Scout, ya ngazi nne, inayotumia mafuta makavu. Kati ya 1967 na 1988 zilirushwa tisa kutoka Ngomeni kwenda kwenye obiti, na zote tisa zilifika. Iliyojulikana zaidi ilibeba setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza nyota kwa miale ya eksirei. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ndiyo maana ikapewa jina la Uhuru. Kazi iliyozaliwa hapo ni sehemu ya iliyompa Riccardo Giacconi Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002. Vitabu vya nje vinaandika "Uhuru" bila kueleza, na wanafunzi wa huko hawajui kwamba ni Kiswahili!

Tisa kwa tisa. Ukiishia hapo utasema serikali oyee. Lakini Scout ilifika Kenya ikiwa imeshaaibika vya kutosha kwao. Ilianza kuruka mwaka 1960, na miaka yake mitatu ya kwanza iliandamwa na ajali. Iliyovunja subira ilikuwa ya tarehe 20 Julai 1963 pale Wallops, Virginia: mdomo wa kutolea moto wa ngazi ya kwanza ulitobolewa na moto wenyewe, roketi ikaenda upande na kusambaratika muda mfupi tu baada ya kunyanyuka.

Walichofanya baada ya hapo ndicho kinachonivutia. Walisimamisha. Roketi zilizokuwa zimeshatengenezwa zikarudishwa kiwandani Dallas, zikafunguliwa, sehemu zake zikapigwa picha za eksirei kama mgonjwa aliyevunjika mfupa, zikasukwa upya. Waligundua kwamba kila kundi la mafundi lilikuwa na namna yake ya kufanya kazi ileile, wakaandika utaratibu mmoja wa wote. Toka hapo Scout ikawa punda wa kutegemewa mpaka ilipostaafu mwaka 1994.

Kampuni binafsi isiyo na mteja haiwezi kukaa mwaka mzima inafungua roketi zake huku mishahara inalipwa. Hazina ya Marekani iliweza. Hiyo ndiyo nguvu ya serikali, na wala haina uhusiano na akili za wahandisi wake.

Usidhani basi kwamba serikali ikiwepo mambo yananyooka. Wasovieti walikuwa na roketi ya mwezini, N1, yenye injini 30 kwenye ngazi ya kwanza. Hawakujenga mahali pa kuijaribu ngazi hiyo nzima ardhini, wakawa wanaijaribu kwa kuirusha. Ilirushwa mara nne kati ya 1969 na 1972, ikaanguka mara nne, na mradi wenyewe ulifichwa kwa miaka mingi. Ulaya nayo ilikuwa na roketi iitwayo Europa, ambayo Uingereza ilijenga ngazi ya kwanza, Ufaransa ya pili, Ujerumani ya tatu. Haikufikisha setilaiti hata moja kwenye obiti. Mzoefu wa kazi za makundi chuoni anajua kwa nini: kila mtu sehemu yake ni nzima, kitu kizima ni kibovu, na hakuna wa kuulizwa.

Na SpaceX je?

Hii naipita haraka kwa sababu imesimuliwa sana, ila kuna kipande ambacho wasimuliaji hukiruka.

Roketi yao ya kwanza, Falcon 1, ilishindwa mara tatu mfululizo: Machi 2006, Machi 2007 na Agosti 2008. Mara ya kwanza chanzo kilikuwa nati ndogo ya alumini iliyoliwa na kutu ya chumvi ya bahari, kwenye kisiwa cha Pasifiki walikorushia. Setilaiti ya wanafunzi wa chuo cha jeshi la anga iliyokuwa juu ilianguka na kutoboa paa la karakana kisiwani hapohapo. Ya tatu ilishindwa kwa sababu ngazi ya chini, baada ya kuachia, iliendelea kusukuma kidogo ikaigonga ya juu. Walirekebisha muda wa kuachia, wakarusha tena tarehe 28 Septemba 2008, wiki nane hivi baadaye, ikafika. Wiki nane! Serikali ingetumia muda huo kuunda kamati. Hapo lazima tuwape haki yao.

Kipande kinachorukwa ni hiki. Safari mbili za mwanzo zililipiwa na idara ya utafiti ya jeshi la Marekani. Agosti 2006, miezi mitano tu baada ya kuanguka kwa kwanza, NASA iliipa kampuni hiyo makubaliano yenye thamani ya mamia ya mamilioni ya dola. Na Desemba 2008, wakati kampuni iko taabani kifedha, ikaja kandarasi nyingine ya dola bilioni 1.6. Kwa hiyo mwenye kampuni alikuwa mtu binafsi, lakini aliyevumilia kuanguka alikuwa mlipakodi wa Marekani. Kayser hakuwa na mtu huyo. Ujerumani Magharibi ilikuwa imegharimia utafiti wake wa mwanzo kabla ya OTRAG, kisha ikaelekea kwenye Ariane.

Vinapoangukia

Kwa nini mwanafunzi wa Songea ajisumbue na haya? Kwa sababu sisi tuna kitu ambacho hao wote wanakitaka. Dunia inazunguka kuelekea mashariki, na kwenye ikweta ardhi inakwenda karibu mita 465 kwa sekunde. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka Ngomeni, digrii tatu tu kusini mwa ikweta, inaupata karibu mwendo wote huo bure kabla haijawasha chochote. Ukiongeza bahari kubwa upande wa mashariki, ambako ngazi zilizoachiwa zinaweza kuangukia bila kuua mtu, pwani yetu ni kiwanja kizuri kuliko vingi. Watakuja tena kuomba ardhi, wa serikali na wa binafsi.

Na sheria ya anga ina kipengele ambacho wanasiasa wetu wangepaswa kukijua kwa kichwa. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 kuhusu uharibifu unaosababishwa na vyombo vya anga unaihesabu pia nchi ambayo ardhi yake imetumika kurushia. Chombo kikiua mtu au kuvunja nyumba ardhini, nchi hiyo inaweza kudaiwa hata kama roketi haikuwa yake na haikufanya uzembe wowote. Kampuni binafsi haidaiwi kwa mkataba huo, zinadaiwa nchi. Ukikodisha eneo kubwa kuliko mkoa wa Ruvuma kwa kampuni isiyo na mtu wa kulipia roketi ya nne, umejiingiza mwenyewe kwenye deni la hiyo ya tatu.

Hata usipokodisha, vyuma vinakufuata. Kenya ilipeleka setilaiti yake Taifa-1 tarehe 15 Aprili 2023 kwa kununua nafasi kwenye Falcon 9, kutoka California, ilhali majukwaa yake ya Ngomeni hayajarusha setilaiti tangu 1988. Mwaka uliofuata, tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma ya kipenyo cha mita mbili na nusu, yenye uzito wa kama kilo 500, ilianguka kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni. Shirika la Anga la Kenya lilisema kwa uchunguzi wa awali ni pete ya kutenganishia ngazi za roketi. Ya roketi gani, taarifa ile haikutaja. Wanakijiji walishasogea kuishika kabla wataalamu hawajafika.